Mengineyo

Jioni moja binti wa mama mwenye genge, hapa nje ya geto letu Ng'ong'ona, Dodoma, alikuja kukaa na mimi kibarazani, ana kaunta buku na simu ambayo chaji imebaki asilimia saba, akaomba nimrushie bando kidogo aangalie mambo ya vyuo. Amemaliza form six, HGL, yani Historia, Jiografia na Kiingereza, matokeo yake mazuri tu, dirisha la maombi limeshafunguliwa na kila mtu mtaani ana ushauri wake. Mjomba anataka asome ualimu. Mama yake anataka chochote ambacho bodi watakitolea mkopo.

Tukapitia kozi moja moja. Nikamuelekeza habari za pointi, nikamwambia bumu, yani ile hela ya kujikimu ya mkopo, linavyochelewa na zile siku za mwisho kabla halijaingia watu tunaishije. Halafu bila hata kuinua kichwa akaniuliza:

"Dada, wewe siasa uliichagua kwanini?"

Nikajibu hapo hapo: "Nilitaka kuelewa masuala ya uongozi ili nije kuleta mabadiliko kwenye jamii yangu."

Akaiandika.

Yani aliiandika yote, kwa peni ya bluu, afu akachukua kitambulisho chake cha shule akakifanya rula, akaipigia mstari chini. Simu ikazima, akashukuru, akaenda kumsaidia mama yake kupanga nyanya ndani. Mimi nikabaki pale, naangalia genge linafungwa.

Hiyo sentensi nimeisema mara nyingi mno. Wiki ya kwanza chuoni tulipokuwa tunajitambulisha, kwenye fildi siku ya kuripoti, kwa baba wadogo, kwa mchungaji. Haijawahi kuniuma. Ila kuiona inapigiwa mstari na mtoto wa watu ambaye anataka kuamua maisha yake, hapo nikakosa amani. Ni wiki tano sasa.

## Chaguo la tatu

Ukweli ni kwamba siasa ilikuwa chaguo langu la tatu. Nilianza na sheria, nikafuatisha ualimu, ya tatu nikaweka Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma kwa sababu pointi zangu zilitosha na jina lilisikika zito. Nikachaguliwa huko. Sikulia, wala sikushangilia.

Kwetu ni kijijini, upande wa Bahi. Habari zilipofika kwamba nimepata chuo watu walifurahi siku mbili nzima kabla hata mtu mmoja hajauliza kozi gani. Alipouliza baba mdogo nikamwambia siasa, akasema, "Siasa? Kwani unataka kugombea?" Kila anayesoma kozi hii anaijua hiyo kauli, na anaijua ile nyingine inayokuja nyuma yake, ajira zake ziko wapi. Tunajibu afisa tawala, afisa utumishi, mtendaji wa kata, na moyoni tunajua ni wangapi wanaomba nafasi moja. Hapo sikai sana, mnaosoma hapa wengi mnayajua hayo kuliko mimi.

Linalonisumbua ni lingine. Zile wiki za mwanzo wa mwaka wa kwanza tunaruhusiwa kuhama kozi. Nafasi za ualimu zilikuwepo. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alihama, na mimi nikachukua fomu nikaijaza mpaka mwisho, nikaweka sahihi, nikaikunja nikaiweka kwenye begi.

Sikuipeleka.

Na mtu akiniuliza kwanini sikuipeleka, ile sentensi niliyompa yule binti haijibu kitu chochote. Kwa hiyo wiki hizi tano nimekuwa nikiitafuta sababu yenyewe, na kila nikitafuta narudi sehemu moja.

## Elfu tano tano

Nilikuwa darasa la tano. Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imekufa tangu kiangazi kilipoanza, na mkikaa Dodoma mnajua kiangazi kinaanza lini na kinaisha lini, mvua ya mwisho Aprili, mpaka Desemba hamna kitu. Tulikuwa tunachimba visima vya mchanga mtoni, unachota kwa kikombe, unasubiri maji yajikusanye tena, unachota. Kila kaya ikatakiwa kuchangia elfu tano ya kutengeneza pampu. Bibi yangu alitoa. Aliuza kuku wawili, nakumbuka kwa sababu mmoja alikuwa nimempa jina.

Miezi ikapita, pampu haijatengenezwa. Ukaitishwa mkutano wa kijiji chini ya mbuyu. Nilienda na bibi kwa sababu ndiye nilikuwa nakaa naye, nikakaa pembeni na watoto wengine tunacheza na mabuyu yaliyodondoka. Zikasomwa agenda, mambo ya mifugo kuingia mashambani, mambo ya choo cha shule, na bibi amenyamaza kimya. Kisha akasimama. Bibi yangu sio mtu wa kusimama mikutanoni. Alishika ncha ya kanga yake akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kigogo:

"Ile elfu tano tano yetu iko wapi?"

Hakuongeza neno. Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa chini, wale wa kuchekea mgongoni kwa mwenzao. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "Bibi, hilo tutaliongelea kwenye mengineyo." Bibi akakaa. Jua likazama, mbu wakaanza, ikafika mengineyo, mwenyekiti akasema muda umetutupa mkono jamani, akashukuru watu, tukaondoka.

Njiani bibi hakuongea. Mimi nilikuwa nimebeba kigoda chake.

## Namba 43

Miaka nane baadae nilirudi kwenye ofisi ile ya kijiji kutafuta sahihi na muhuri kwa ajili ya fomu za mkopo. Mtendaji akanikaribisha vizuri, afu akakumbuka muhuri kausahau nyumbani, akanipa kiti akatoka kuufuata. Mezani kulikuwa na mafaili. Sikwenda pale kupeleleza, niseme ukweli wangu, ila lile la juu liliandikwa MIHTASARI YA MIKUTANO na mimi nilikuwa na nusu saa sina cha kufanya.

Niliukuta. Niliujua kwa pampu na kwa choo cha shule. Karatasi zimeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri sana wa kulala. Kwenye orodha ya mahudhurio, namba 43, jina la bibi yangu, na mbele yake dole gumba la wino wa zambarau, limesambaa kidogo upande mmoja kama aliyeligandamiza alikuwa na haraka. Nikafungua mpaka mwisho.

*Agenda Na. 6: Mengineyo. Hapakuwa na hoja.*

Niliisoma zaidi ya mara moja. Bibi yangu alikuwepo, dole lake lipo. Alichosema hakipo.

Mtendaji akarudi na muhuri, akagonga, akanitakia masomo mema, nami nikasema asante baba. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: wameiba. Nililibeba hilo neno mpaka chuoni. Wala sikumwambia mtu, na hata nilipokuwa najaza machaguo yangu sikuliwaza, au nadhani sikuliwaza.

Hapa ndipo shaka yangu ilipo kubwa. Je, ni lile faili lililonifanya niikunje ile fomu ya kuhama na kuiweka kwenye begi? Au nimelichukua baadae ili nizibe aibu ya chaguo la tatu, kwa sababu hadithi ya bibi na dole gumba inapendeza kuliko kusema pointi hazikutosha sheria? Nimekaa na hilo swali usiku mwingi. Binadamu anaanza jambo kwanza, sababu anaitafuta akiwa njiani, afu akifika anaapa kwamba alitoka nayo nyumbani.

Ninachoweza kuapia ni kilichotokea darasani.

## Asilimia 20

Semista ya pili mwaka wa kwanza tulifundishwa habari za Tume ya Jaji Nyalali. Mwaka 1991 iliundwa tume kuzunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi. Asilimia kama 80 ya waliotoa maoni wakasema tubaki na kimoja, asilimia kama 20 ndio wakataka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Darasa lilichafuka. Kijana mmoja kutoka Singida alisimama akasema sasa walituuliza ya nini, kama wengi wamesema hapana na jibu likawa ndio. Dada mmoja akamjibu kwamba asilimia 20 ni watu, wana haki ya kuwa na chama chao, haki haipigiwi kura na jirani. Wakabishana mpaka muda ukaisha, na lekchara akatuacha tubishane, hakutupa jibu, akafuta ubao akaondoka.

Mimi sikuongea. Nilikuwa nawaza namba 43. Nilikuwa nawaza kwamba ile tume angalau iliandika ile 20, ingeweza kuandika "hapakuwa na hoja", watu wachache tu wale, ila iliandika, na kwa sababu iliandikwa sisi tumekaa hapa miaka yote hii baadae tunagombana kwa ajili yao. Siku hiyo nilirudi chumbani nikaitoa fomu ya kuhama kwenye begi. Ilikuwa imeshapitwa na wakati zamani. Nikaitumia kuandikia notsi upande wa nyuma.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea. Nikakuta Katiba ya 1977, Ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Nikakuta kwamba serikali za mitaa ziliwahi kufutwa kabisa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kwamba kwenye Sheria Namba 7 ya mwaka huo, mkutano mkuu wa kijiji, yani watu wote wa miaka 18 na kuendelea wanaoishi pale, ndio wenye kauli ya juu kijijini. Unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Bibi yangu na kigoda chake, kisheria, alikuwa amekaa kwenye chombo kikubwa kuliko mwenyekiti.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

## (Makofi)

Mwaka wa pili tulienda Bungeni, darasa zima, ni mjini hapo hapo, nauli ya daladala tu. Mnakaguliwa, mnaacha simu, mnapanda jukwaani, saa tatu asubuhi dua inasomwa, wageni mnatangazwa mnasimama mnapigiwa makofi. Kisha maswali. Mbunge anauliza swali la msingi, waziri anajibu, mbunge anasimama tena, anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Siku ile moja ya hayo ya nyongeza lilikuwa la kisima. Kisima cha kijiji fulani, mbali na kwetu, kimeharibika. Naibu waziri akasimama akalijibu, mbele ya watu wote, na jibu likawa jibu, zuri au baya ni lingine.

Baadae nikaitafuta Hansard ya siku hiyo, yani kumbukumbu ya yote yanayosemwa Bungeni, zinapatikana mtandaoni. Kila kitu kimo. Swali la kisima limo. Watu walipopiga makofi wameandika *(Makofi)*. Walipocheka wameandika *(Kicheko)*. Hata kengele ya kumaliza muda ikilia wanaiandika kwamba hapa kengele ililia. Nikawaza, kumbe kucheka kwa mheshimiwa kunaandikwa, na swali la bibi yangu halikuandikwa, na wote wawili wako mkoa mmoja wa Dodoma.

Hasira ile ndiyo iliyonisomesha mwaka mzima. Niliona nina kesi. Ningefanya risechi yangu ya mwaka wa tatu juu ya mihtasari ya vijiji, na moyoni nilishajua jibu kabla sijaandika propozo.

## Nilienda kumuuliza

Baada ya yule binti kuandika ile sentensi nilijiambia, kama sababu yangu ni bibi, basi niende kwa bibi. Jumamosi iliyopita nikapanda gari la Bahi, nikashuka, nikachukua bodaboda.

Nilimkuta anachambua mlenda chini ya mti. Tukasalimiana, tukala ugali wa uwele, akaniuliza habari za mjini, akaniuliza kama ni kweli treni ya umeme inakimbia hivyo. Kuna mtoto wa jirani alipita akaweka ndoo ya maji mlangoni, akasalimia akaondoka. Mpaka jua likapungua ndipo nikamuuliza. Bibi, unakumbuka ile siku ya mkutano, ile elfu tano tano?

Akafikiria. "Ya pampu?"

Ya pampu.

"Aah. Ile si walimpelekea mama yule hospitali."

Nikasema mama yupi. Bibi akanieleza taratibu, mikono bado inachambua. Usiku mmoja, mwezi mmoja kabla ya mkutano, kuna mwanamke alishikwa uchungu vibaya, mtoto amekaa vibaya tumboni, na hela yote ya kijiji iliyokuwepo ni ile ya pampu iliyokuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaitoa ikakodi gari mpaka mjini na nyingine ikaishia huko huko hospitali. Bibi alikuja kuyasikia haya wiki moja baada ya mkutano, mashineni, wanasaga.

"Sasa kwanini hakusema pale mkutanoni ulipouliza?"

Akaniangalia kama mtu anayemuangalia mtoto. "Angesemaje? Mume wake alikuwa amekaa pale pale mbele. Umuaibishe mwenzio mbele za watu kwamba hakuwa na hela ya kumpeleka mkewe?"

Nilikaa kimya muda mrefu.

Miaka hii yote nimembeba yule mwenyekiti kichwani kama mwizi. Nimemsomea, nimemwandikia asaimenti mbili bila kumtaja jina. Na mtendaji yule wa mwandiko mzuri, alipoandika hapakuwa na hoja, inawezekana alikuwa analinda heshima ya mtu. Bibi mwenyewe aliridhika mashineni na swali likaisha, mimi ndiye nililibaki nalo.

Ila pia, na hapa ndipo nilipobishana naye kidogo kwa adabu, pampu ilikaa imekufa misimu miwili zaidi. Waliosikia mashineni walielewa. Wale ambao hawakuwa mashineni siku ile, wahamiaji wa upande wa juu, wafugaji, hao hawakusikia, na walipoombwa mchango mwingine waligoma, na bibi anakumbuka waligoma na anawalaumu mpaka leo. Nikamwambia bibi, hao walifanya ulichofanya wewe, waliuliza elfu tano yao iko wapi. Akaacha kuchambua. Akasema, "Hapo umesema."

Kisha akaanza kunihadithia Operesheni, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, wakati yeye ni mke mpya, lori lilivyokuja mwaka ule wakaambiwa wahame, tembe zao zikabomolewa, wakaletwa hapa tulipo. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe. Akasema siku ile pia hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilirudi mjini nikiwa nimepoteza kesi yangu, na cha ajabu sikutaka kuhama kozi. Naitaka zaidi. Nilidhani nasoma siasa ili nijue nani kaiba. Sasa nataka kujua yule mwenyekiti angeweza kusema nini pale chini ya mbuyu, sentensi gani, ambayo ingemjibu bibi na kuwajibu wafugaji na isimuaibishe yule mume. Mimi sijaipata. Nimeanza upya propozo yangu, na supavaiza akiuliza tatizo la utafiti ni nini nitamwambia hilo hilo, hata kama halijakaa kitaalamu.

## Voisi

Jana usiku nikamtumia yule binti voisi ya dakika tisa. Nikamwambia ile sentensi aifute. Nikamwambia chaguo la tatu, fomu ya kuhama, dole gumba, bibi, mashine, yote. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sababu yangu kwa kadiri ninavyoijua leo, na kwamba inawezekana nikija kuulizwa mwakani itakuwa imebadilika tena, asije akashangaa.

Akasikiliza yote, niliona tiki za bluu zimekaa zaidi ya dakika tisa. Nikategemea ataniuliza habari za mkopo au pointi.

Akaandika: "Sasa dada, yule mtoto alizaliwa salama?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikaa na bibi mchana mzima, nikauliza habari za hela, za mwenyekiti, za muhtasari, na hilo sikuuliza.

Asubuhi hii nimempigia bibi kwenye kitochi chake, kumekucha tu. Akacheka. Akasema si huyo huyo uliyemuona Jumamosi, yuko darasa la nne, ndiye anayeniletea maji.